Sura ya Tano: Wenzo wa Kushoto

Marlys Deneke alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbichi kwa nusu saa nzima, na nusu saa hiyo yote Garland Stroup alisimama nyuma yake, mikono mfukoni, kama mtu anayemsubiri fundi bomba amalize aondoke nyumbani kwake.

"Hujachoka tu, mama?"

"Magoti yamechoka. Mimi bado."

Mbele yao palikuwa na helikopta ndogo nyeupe ya viti viwili, au kilichobaki. Ilianguka Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, katikati ya mistari miwili ya miti ya cheri katika shamba la Okerlund, na sasa ilikuwa Alhamisi. Mkia ulikuwa umekatika. Miguu yake ya chuma ilikuwa imetanuka sawasawa huku na huku, kama ng'ombe aliyelala kwa tumbo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea ndani, pale ulipogonga nguzo ya saruji ya bomba la kumwagilia. Chini ya turubai la buluu palinuka petroli na cheri zilizopondeka, na nyigu walikuwa wameshajua njia.

Aliyekaa kushoto ni mwalimu, Emmett Vossler, mwenye miaka sitini na mitatu. Alikufa papo hapo. Aliyekaa kulia ni mwanafunzi, Yesenia Barragán, miaka ishirini na mitatu, binti wa wachuma cheri wa bonde hili hili. Yeye yuko hospitali, amevunjika nyonga na mbavu mbili, naye hata kabla hajaondolewa kwenye mashine ya oksijeni watu walikuwa wameshampa jina: yule aliyemuua Emmett. Kesho Ijumaa Marlys, mchunguzi, alitakiwa kupeleka maelezo ya awali kwenye ofisi yake ya serikali inayochunguza ajali za ndege. Maelezo yakisema kosa ni la mwanafunzi, msichana harushi tena kitu chochote maishani mwake, na jina lile halimtoki.

Garland ndiye mwenye shule ya urubani. Alikuwa na helikopta mbili, sasa ana moja.

"Nimeshakwambia, aliganda," alisema. "Miaka ishirini na sita nawaona. Mwanafunzi akiogopa anang'ang'ania wenzo kama kamba ya kisimani, hata umpige kofi haachii. Emmett alishindana naye mpaka chini. Basi."

"Yeye anasema aliachia."

"Na nesi anasema kiganja chake cha kushoto kimevia damu na kidole gumba kimevunjika. Mkono ulioachia unavunjikaje kidole gumba? Niambie."

Karatasi ya nesi ilikuwa kwenye begi la Marlys, na yeye mwenyewe alikuwa ameisoma mara nne. Msichana alikuwa na maneno machache mno, tena yaliyonyooka mno: mwalimu alisema "Nimeshika," mimi nikasema "Umeshika," nikaachia, tukaanguka. Ndivyo wanavyofundishwa kukabidhiana, mmoja aseme na mwenziwe ajibu, ili pasiwe na ubishi hewani. Lakini baina ya "nikaachia" na "tukaanguka" palikuwa na pengo, na Marlys hapendi mapengo.

Alirudi kwenye kile alichokuwa akikitazama. Kila kiti katika helikopta ile kina wenzo wake pembeni, upande wa mkono wa kushoto, unaofanana na breki ya mkono ya gari. Ukiuvuta juu mashine hupanda, ukiushusha hushuka. Wa kulia hautoki. Wa kushoto, wa mwalimu, hutolewa, ili ukimpakia mtu asiye rubani asije akaugusa kwa goti. Unaposhikana na mashine pana tundu moja na pini moja nyembamba kama penseli, yenye kitufe na utepe mwekundu.

Wenzo wa kushoto ulikutwa hatua kumi na tano kutoka kwenye mashine. Pini haikuwepo.

"Umeng'oka kwa kishindo," alisema Garland, kabla hajaulizwa.

"Labda."

Alichukua miwani ya kukuzia. Chuma kinachong'olewa kwa nguvu huchana tundu lake, kama kifungo kinachong'olewa kwenye shati. Tundu hili lilikuwa duara safi. Tena ndani yake palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama wanja. Aliugusa kwa ncha ya pamba, pamba ikatoka na rangi. Kutu. Na pini za helikopta ni za chuma kisichoshika kutu hata ukizitia kwenye chumvi mwaka mzima.

Alifunga pamba kwenye kimfuko, akaandika namba, akasema kama mtu anayeulizia bei ya mayai:

"Jumanne alfajiri ilinyesha. Ulikausha cheri?"

"Nani hakukausha? Mvua kama ile, maji yakikaa kwenye shingo ya cheri saa tatu tu, zimepasuka zote. Nilianza kupeperusha maji kwa upepo wa panga saa kumi na moja na nusu, mti kwa mti."

"Kwa mashine hii?"

"Hii."

"Peke yako?"

"Peke yangu." Jibu lilitoka kabla swali halijakaa. "Sikiliza, mama. Kama unatafuta jambo, wachumaji wawili walisikia mlio. Pwaa! Kisha ndiyo ikaanguka. Huyu mzee wa shamba la jirani anachukia kelele zetu na ana bunduki ukutani. Kamuulize yeye, uache kulamba vyuma."

"Nitamuuliza," alisema Marlys, akajikung'uta magoti.

Hakwenda kwa mzee wa jirani. Alikwenda ilikokuwa trekta ya shamba.

Refugio Zamudio, nyapara wa wachumaji, alikuwa amekaa kwenye tairi anakula chapati ya tortila yenye mayai na maharage, ameizungushia karatasi ya bati. Alimwona Marlys akija, akasogea kumpa nafasi.

"Karibu, bibi. Kaa, tairi ni safi kuliko mimi. Umekula?"

"Nimekunywa kahawa."

"Kahawa si chakula, ni ugonjwa." Akamkatia nusu. Marlys akaipokea, maana shambani kwa watu hukatai. "Umekuja kwa ajili ya mlio?"

"Umejuaje?"

"Polisi wawili wameshauliza. Wanataka bunduki. Ngoja." Refugio alitazama saa yake, akainua kidole, akaendelea kutafuna. "Ngoja... ngoja..."

Pwaa! Kunguru waliruka kutoka kwenye miti kama majivu. Marlys alimwaga maharage yake.

"Hiyo hapo bunduki yao," alisema Refugio, akacheka mpaka akakohoa. "Mzinga wa gesi wa kutishia kunguru. Kila dakika kumi na mbili, tangu Juni iingie. Vijana wale ni wageni, siku yao ya kwanza ilikuwa Jumanne. Wangesikia mlango ukigongwa wangesema bunduki."

Marlys alikaa pale pale akangoja mlio mwingine, saa mkononi. Dakika kumi na mbili kamili. Alihesabu kurudi nyuma mpaka Jumanne saa nne na dakika arobaini, mlio ukaangukia humo humo. Akaikata bunduki kwa mstari katika daftari.

"Haya, nipe ya kwako sasa," alisema. "Nyasi zile ng'ambo, mbona kuna cheri zimemwagika? Masanduku mazima."

Uso wa Refugio ukabadilika. Hilo lilikuwa jambo lake mwenyewe.

"Manne, bibi! Masanduku manne, zile za njano, ambazo hata mimi siruhusiwi kuonja. Jumanne hiyo hiyo. Nimefunga trela vizuri, ninakwenda, napiga shimo dogo, pini kubwa inaruka, trela hilo, linakwenda zake. Nashuka nione. Kibanio hakipo."

"Kibanio gani?"

Alimpeleka. Trela liliunganishwa na trekta kwa pini nene kama kidole gumba, na ili pini isiruke juu, chini yake hupitishwa kipande cha waya mnene kilichopindwa kama kibanio cha nywele. Kulikuwa na matrela sita, vibanio sita, vyote vimeiva kutu.

"Nilitia waya wa uzio siku nzima. Nikasema, mwizi wa kibanio ni mtu wa namna gani? Kitu chenyewe hata mtoto hachezei."

"Hili hapa lina kibanio."

"Kimerudi jana mchana. Nimetoka kula, nakikuta mahali pake." Refugio aliinama, akakichomoa, akakiinua juani kwa hasira ya mtu aliyerudishiwa sufuria iliyoungua. "Ila tazama walivyokifanya! Mguu mmoja umenyooka kabisa. Umeazima kitu cha mtu, kirudishe kama kilivyokuwa, au sivyo?"

"Waliokiazima ni watu wa huku?"

"Mgeni angekitupa. Sisi huku wakati wa mavuno, kibanio cha mtu ni kama jino lake. Usipokirudisha, mwakani huazimwi hata ngazi."

Marlys hakukigusa kwa mkono mtupu. Alivaa glavu. Kwenye kona ya waya palikuwa na rangi nyeupe iliyokwanguliwa, imekandamizwa kwenye kutu. Trela la Refugio lilikuwa la kijani. Trekta ilikuwa nyekundu.

"Jumanne helikopta ilitua wapi, baada ya kukausha?"

"Hapo ulipo." Akaonyesha kwa kidevu. "Mkubwa Okerlund akashuka."

"Okerlund alikuwamo?"

"Alitaka aonyeshe mwenyewe mistari ya bondeni inayobaki na maji. Alishuka upande wa kushoto, amejaa tope, akaenda zake. Garland akazunguka upande ule ule, akawa anatengeneza kitu. Mara namwona yuko chini anatambaa kwenye nyasi, kama kuku aliyemwagiwa mtama. Nikamuuliza, umepoteza nini? Akasema, kifungo cha koti." Refugio alikitazama kibanio kilichokuwa mkononi mwa Marlys, akatazama upande lilikokuwa turubai la buluu. Tortila ikamshinda. "Bibi. Hicho ni changu."

"Najua ni chako. Nakuandikia hati ya kukichukua."

"Hati haifungi trela," alisema, lakini kwa sauti ya chini, na alikuwa ameshageuka kwenda kutafuta waya.

Ofisi ya Garland ilikuwa kibanda cha mabati kando ya uwanja wa kurukia, na mto Columbia ulionekana dirishani, mpana, umetulia. Marlys aliweka wenzo juu ya meza. Kando yake akaweka kimfuko chenye kibanio. Alifungua kimfuko, akashika kibanio kwa glavu, akapitisha mguu wake ulionyooka kwenye tundu la wenzo. Uliingia, ukalegea kidogo, ukakaa. Mstari wa kutu ukaangukia juu ya mstari wa kutu.

"Ulikuwa na Okerlund," alisema. "Uliniambia peke yako."

"Nilisahau."

"Ulitoa wenzo wa kushoto ili asiugonge. Ulipourudisha, pini ilikuwa imekuponyoka kwenye nyasi."

"Hayo umeyasema wewe."

"Refugio alikuona ukiitafuta. Nyasi zile zinafika magotini. Nikiwaleta watu kumi na sumaku—"

"Sumaku haitaivuta," alisema Garland.

Marlys alimtazama tu.

"Hapana," alisema. "Pini ile haivutwi na sumaku. Ulijaribu?"

Garland alikaa. Alikuwa mtu mkubwa, na kiti kikalia chini yake.

"Jana asubuhi," alisema hatimaye. "Na juzi jioni."

"Jumanne ulikuwa wa kwanza kufika kwenye ajali."

"Dakika nne. Nilikimbia. Emmett alikuwa..." Alifuta mdomo. "Wenzo ulikuwa nje, kwenye nyasi, kibanio kimening'inia. Sikufikiri. Nilikichomoa nikatia mfukoni, ndipo nikaenda kumfungua msichana mkanda."

"Kwanza kibanio, kisha msichana."

Garland aligeuzia uso dirishani.

"Emmett alijua?"

"Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka. Simu ilikuwa inalia, mvua ilikuwa inaanza ng'ambo ya mto, kila mtu anataka akaushiwe wa kwanza. Nikasema ni somo moja tu, nusu saa, kibanio kitashika. Kinashika tani mbili za cheri!"

"Kinazuia pini isiruke. Hakijawahi kushika kitu."

Marlys alikitoa kibanio kwenye tundu polepole. Kulikuwa na jambo lililomsumbua tangu shambani.

"Mto ule uko hatua mia mbili kutoka hapa," alisema. "Ungekitupa, nisingekuwa na kitu ila tundu. Kwa nini ulikirudisha?"

Garland alimtazama kama amemuuliza kwa nini watu huvua kofia kanisani.

"Kilikuwa cha Refugio," alisema. "Na ni mavuno."

Aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, kwa herufi kubwa kubwa, akatia sahihi. Lakini Marlys alipofika mlangoni, alisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Hata hivyo alikuwa ameshika!" Garland alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Mkono ule haudanganyi. Mimi nina kosa langu, sawa, nimeandika. Lakini alikwambia aliachia, naye alikuwa ameshika. Kamuulize anaficha nini!"

Marlys alitoa daftari. Mtu mwongo anaweza kusema kweli akiwa na hasira, na hilo nalo lilipaswa kuandikwa.

Hospitalini jua la alasiri lilikuwa limejaa chumbani. Amparo, mama yake Yesenia, alikuwa amekaa karibu na dirisha, vidole vimeiva rangi ya cheri mpaka kwenye kucha, anamenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba. Kiingereza hakukijua. Alimtazama Marlys kama anavyotazamwa mtu wa serikali.

Yesenia aliingiza mkono wa kushoto chini ya shuka.

"Wenzo wa mwalimu haukuwa na pini yake," Marlys alisema, bila kukaa. "Ulifungwa na kipande cha waya cha trela. Bwana Stroup ameandika na kutia sahihi. Alipoushika—" akajisahihisha, "mwalimu alipoushika na kuuvuta, ulichomoka, akabaki nao mkononi. Hayo nimemaliza. Sasa toa mkono nje, binti."

Msichana alifumba macho. Mkono ukatoka, umefungwa bendeji, zambarau mpaka kwenye kifundo.

"Uliachia?"

"Niliachia."

"Na ulikuwa umeshika mlipogonga chini."

"Ndiyo."

"Basi kuna neno hukuniambia."

Amparo aliacha kumenya. Hakuelewa maneno, lakini sauti haina lugha.

"Tulikuwa tunafanya zoezi la kutua bila injini," alisema Yesenia. "Nilichelewa kuvuta wenzo. Kidogo tu, kila mtu huchelewa mwanzoni. Akasema, 'Nimeshika.' Nikasema, 'Umeshika.' Nikaachia. Halafu akasema, 'Shika wewe.' Hakupiga kelele. Nikageuka nimtazame. Ameuinua wenzo juu, uko mkononi mwake, haujaungana na kitu. Nami nikaukodolea macho. Bi Deneke, mimi niliutazama. Kama mtu anayetazama mazingaombwe. Ndipo nikashika wangu nikavuta."

"Muda gani uliutazama?"

"Sekunde moja. Mbili. Nimezihesabu usiku na mchana."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu sekunde hizo ndizo zilizomuua."

Marlys alivuta kiti, akakaa, akaweka begi sakafuni.

"Nikwambie ninachokijua," alisema, "na usiniongezee. Helikopta ambayo hakuna aliyeivuta mwishoni hufika chini kwa pua, nanyi mngekufa wote wawili. Hii ilifika kwa miguu, na miguu imetanuka sawasawa pande zote. Hiyo ni kazi ya mkono wako. Ubavu wa kushoto ulikuta nguzo ya saruji. Nguzo hukuijenga wewe."

"Kama ningevuta mara moja, aliponiambia?"

"Sijui."

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika sijui, kwa sababu sijui. Na nitaandika kwamba uliachia ulipoambiwa uachie, na ulishika ulipoambiwa ushike, na kwamba hukuganda."

Yesenia aligeukia dirishani. Mbavu zilimuuma hata asiweze kulia vizuri.

"Anasemaje?" Amparo aliuliza kwa Kihispania, amesimama, ganda la chungwa limemwanguka. "Mwanangu, mama huyu anasemaje?"

"Anasema sikuganda, mama."

"Hilo tu? Amesema maneno mengi."

"Mengine ni yangu."

Amparo alimtazama Marlys, kisha binti yake. Alijipangusa mikono kwenye sketi, akaburuta kiti chake mpaka kitandani, upande wa mkono wenye bendeji, akakaa.

"Basi yalete," alisema, "tugawane."